Nguvu za Uzeeni Ni za Nani?

Muislamu anayetimiza sala tano husali rakaa 17 za faradhi kwa siku, na kila rakaa ina sijda mbili. Paji la uso lagusa chini mara 34, bila kuhesabu sunna. Mtazame mzee wa miaka sabini anavyoinuka: anakaza vidole vya miguu kwenye jamvi, anaweka kiganja juu ya goti, anavuta pumzi, mgongo unanyooka polepole, na kabla imamu hajamaliza Alhamdu amekwisha simama safuni. Sala haikuwekwa iwe mazoezi ya viungo, na anayeisali kwa ajili ya magoti yake amepotoka nia. Lakini inamtaka mja alete mwili, akili na moyo kwa pamoja, bega kwa bega na wenzake. Humo naona jibu la swali ambalo wengi hulikwepa: mtu akishazeeka, kwa nini ahangaike kutunza nguvu zake ilhali mwisho anaujua? Nasema nguvu za uzeeni ni za kumfikisha mtu kwa watu. Anayezitunza ili asife, au ili aonekane kijana, atashindwa tu. Anayezitunza ili aendelee kuwafikia wenzake ana sababu ya kuzitunza hadi siku yake ya mwisho.

Kwamba zinatunzika, hilo halina shaka. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao kwa wastani miaka 90. Baada ya wiki nane za kunyanyua uzito kwa miguu, nguvu za mapaja za waliomaliza jaribio ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Jaribio lilikuwa dogo, ila tafiti nyingi za baadaye zimefuata njia hiyohiyo. Kinachonigusa zaidi kinatoka kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Huko mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwakuta mabibi wa Kihadzabe wakichimba mizizi ya porini kwa vijiti, katika ardhi ngumu, kwa saa nyingi. Mama akishajifungua mtoto mwingine, uzito wa yule mkubwa ulifuata juhudi ya bibi: bibi akichimba sana, mjukuu ananenepa. Hakuna aliyewaandikia mabibi wale ratiba ya mazoezi. Walikuwa na watu wa kuwalisha.

Utaniambia kwamba mwanamke aliyeshika jembe miaka hamsini amekwisha maliza mazoezi yake, na heshima ni kumwacha apumzike. Apumzike, ni haki yake, na aliyechoshwa na shamba hahitaji kuhubiriwa juu ya jasho. Hata hivyo tuangalie tunavyompumzisha. Anapokonywa ndoo: kaa, bibi, utachoka. Ufagio nao unachukuliwa. Sokoni anatumwa mtoto, msibani anakwenda mwana kwa niaba yake, na habari za ukoo anazisikia zimekwisha amuliwa. Kila tendo hapo limefanywa kwa mapenzi. Lakini yakijumlishwa yanamweka barazani pasipo mtu anayemhitaji, na miguu isiyo na pa kwenda hudhoofu upesi.

Pingamizi zito zaidi linahusu moyo. Wapo wazee wakakamavu wanaotembea maili nyingi, na nyumbani hakuna anayethubutu kuwasemesha. Ni kweli: nguvu peke yake hailainishi moyo. Moyo wa mzee huwa mgumu anapoamini kwamba kazi iliyobaki ni kuwafundisha wengine tu. Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi. Alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akakaa dawati moja na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Watu walisifu bidii yake, nami naisifu. Ila kubwa zaidi kwangu ni kwamba mtu wa umri ule, mwenye historia ile, alikubali kusahihishwa. Bila miguu asingefika darasani, na bila moyo ule kufika kwake kungekuwa kazi bure.

Na yule ambaye kiharusi kimemlaza, je, ameshindwa? Sheria ya sala imekwisha mjibu: asiyeweza kusimama na asali ameketi, asiyeweza kuketi na asali kwa ubavu. Kiungo kinasamehewa, lakini mtu mwenyewe bado anaitwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kitandani anayeuliza mtihani wa mjukuu umekwendaje, kisha akasikiliza jibu hadi mwisho, hajapungukiwa na lolote katika haya ninayoyasema. Wajibu hapo unatuhamia sisi wenye miguu, kwani yeye akishindwa kuwafikia watu, watu ndio wamfikie.

Mwenye mzazi mzee nyumbani na amuulize wiki hii anatamani kwenda wapi, msikitini, kanisani au kwa shoga yake wa zamani, kisha atembee naye kwa mwendo wa mzee, na asimbebee kila kitu.