Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Sigmund Freud, aliandika makala ya kuisifu kokeini. Alikuwa na miaka 28, anatafuta jina. Alikwisha kuijaribu mwenyewe, akachangamka na uchovu ukamtoka, akaamini amepata tiba ya huzuni na hata ya uraibu wa mofini. Mwaka uliofuata alitoa na vipimo: alikunywa dozi, kisha akawa anakibana kipima nguvu kwa mkono kila baada ya muda na kuandika tarakimu. Nguvu zilipanda, zikakaa saa kadhaa, zikashuka. Tarakimu zile zilikuwa za kweli, lakini yeye alizichukua kuwa habari yote.

Aliyelipa gharama ni rafiki yake, mwanasayansi Ernst von Fleischl-Marxow. Huyu alikatwa kidole gumba cha mkono wa kulia baada ya kuambukizwa akipasua maiti, na maumivu yasiyokwisha yakamwingiza kwenye mofini. Freud akampa kokeini ili aiache mofini. Mwanzoni alionekana ana nafuu. Kufikia 1885 alikuwa akitumia gramu nzima ya kokeini kwa siku na kuona nyoka weupe wakimtambaa mwilini. Hakupona. Alifariki mwaka 1891, ana miaka 45.

Kilichokosekana katika hesabu ya Freud ni muda. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Solomon na John Corbit, walieleza kwamba ubongo ukisukumwa upande mmoja, nao huanzisha msukumo wa kuurudisha. Msukumo huu wa pili huchelewa kuanza, tena huchelewa kuisha. Dozi zikirudiwa, msukumo huo unaota nguvu, unaanza mapema na kudumu zaidi: raha inapungua, arosto ya kukosa dawa inazidi.

Mwaka 2008 Salvador Amigó, Antonio Caselles na Joan Micó wa Hispania walitoa modeli ya hisabati ya athari ya kichangamshi juu ya uchangamfu wa mtu. Ndani ya milinganyo yao mna kiasi cha dawa kilichomo mwilini, nguvu inayoamsha, nguvu inayozuia ambayo huja kwa kuchelewa, na nguvu inayomrudisha mtu katika hali yake ya kawaida. Mchoro wake hupanda, hushuka hadi chini ya pale ulipoanzia, ndipo urudi taratibu. Na hiyo ni dozi moja tu.

Mgonjwa aliyeandikiwa kichangamshi na daktari anayemfuatilia, huyo ana wa kumhesabia. Lakini mwanafunzi anayemeza vidonge ili akeshe na vitabu, na dereva wa usiku anayetafuna miraa asisinzie, wanapiga hesabu ile ile ya Freud: wanahesabu saa ya kwanza na kuacha zinazofuata. Ndugu msomaji, anayekusifia dawa kwa jinsi inavyochangamsha, mwulize mtumiaji wake yukoje baada ya mwaka. Akikosa jibu, usiiguse.