Mwenye Nguvu Ampishe Nani?

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni usemi wa busara kwa mnyonge anayetaka kufika salama, lakini haukugusa wajibu wa huyo mwenye nguvu. Nchini Uingereza sheria ya mashambani ya mwaka 1968 iliupindua usemi huo. Baiskeli ziliruhusiwa kupita katika njia za farasi, kwa sharti kwamba mwenye baiskeli ampishe mpanda farasi na mwenda kwa miguu. Aliyekuja na chombo ndiye asubiri. Aliyekuja kwa miguu yake, au juu ya mnyama mwepesi wa kushtuka, ndiye apite.

Katika njia hizo sasa kimeingia chombo ambacho waliotunga sheria ile hawakukiwaza. Ni pikipiki ya umeme ya matope na vilima, Surron na nduguze: uzito wake kilo 50 hivi, haina pedali, haina moshi, na ikiachiwa nguvu zake zote hukaribia kilomita 75 kwa saa. Kwa mbali waweza kuidhania baiskeli. Sheria haidhani hivyo. Baiskeli ya umeme, kwa Uingereza, ni ile yenye pedali zinazoweza kuiendesha, mota isiyozidi wati 250, na msaada wa mota unaokatika mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Hiyo mtoto wa miaka 14 aweza kuipanda bila leseni wala bima. Kinachovuka mpaka huo ni pikipiki, kingurume kisingurume. Barabarani chataka usajili, bima, leseni na kofia ngumu. Nje ya barabara, kwa sheria ya mwaka 1988, hakina ruhusa katika njia ya miguu wala ya farasi. Kimebakiwa na ardhi ya mtu binafsi, kwa idhini ya mwenyewe.

Wapandaji vijana wanayo hoja, nayo si ya kupuuzwa. Chombo hiki hakipigi kelele, hakichafui hewa, na msituni aghalabu hakuna mtu. Basi dhambi iko wapi? Ajabu ni kwamba wanachokihesabu kuwa wema ndicho kinachomtia hofu mwenda kwa miguu. Mngurumo wa injini, pamoja na karaha yake yote, ni hodi. Humwambia mzee mwenye masikio mazito, na kipofu mwenye fimbo yake, kwamba kuna anayekuja. Tangu Julai 2019 sheria za Ulaya zimetaka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti yanapokwenda polepole, kwa sababu hiyo hiyo. Vyombo vya magurudumu mawili havikuhusishwa na amri hiyo. Kwa hiyo pikipiki ya umeme huingia njia ya watu bila kubisha hodi, na kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuitika.

Hata hivyo historia ya njia zenyewe yamzuia mtu kuhukumu upesi. Mwezi Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi walipanda mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano wao wakafungwa jela. Leo wanakumbukwa kwa heshima. Je, kijana anayepita leo pasipo ruhusa si mrithi wao? La, si mrithi wao. Wale walidai haki ambayo mmoja akiitumia haimpungukii mwenziwe; nyayo za mtu mmoja hazimtoi mwingine njiani. Gurudumu la kasi humtoa.

Sheria basi ina haki njiani. Dukani ndiko isikokuwa na haki. Kuuza chombo hiki ni halali, kukinunua ni halali, na serikali hupokea kodi yake. Sharti la kutumia ardhi binafsi tu huja baada ya fedha kulipwa, au kwa maandishi madogo ambayo hayasomwi. Tena ni nani mwenye ardhi? Mtoto wa mwenye shamba huzunguka kondeni kwa baba yake kutwa nzima, wala hakuna askari wa kumgusa. Mtoto wa ghorofa ya nne, asiye na hata bustani, akifanya kitendo kile kile mbele ya nyumba yao amevunja sheria. Haikumtaja tajiri wala maskini. Imewatenganisha tu kwa ukuta wa shamba. Muuzaji aliyepokea fedha akijua mnunuzi anakaa wapi alikuwa na nguvu kabla ya kijana kushika usukani, naye hakumpisha mtu.

Tarehe 22 Mei 2023, katika mtaa wa Ely mjini Cardiff, wavulana wawili wa miaka 15 na 16 walifariki wakiwa wamepakizana juu ya baiskeli ya umeme ya namna hii. Awali ilikanushwa rasmi kwamba polisi walikuwa wakiwafukuza. Baadaye picha za kamera zikaonyesha gari la polisi likiwafuata dakika chache kabla ya ajali. Usiku ule magari yalichomwa moto mtaani. Kijana aliye mwenye nguvu mbele ya mzee njiani, ni mnyonge mbele ya gari la askari. Sheria iliyomwamuru aliye na chombo amsubiri asiye nacho haina budi kuulizwa kama amri hiyo yamhusu na askari, pale kosa linapokuwa ni kupanda tu na anayefukuzwa ni mtoto.

Viwanja vya kulipia, ambamo pikipiki hizi huruhusiwa, vipo, lakini viko mbali na mitaa kama Ely. Kiingilio huenda kikapatikana. Kufika huko kwahitaji gari la kuibebea pikipiki, kwa kuwa barabarani haina ruhusa ya kupita.