JIRANI NA ZAMU YA USIKU: JE, KUTOA KHABARI NI FITINA?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Mas'ala tutakayoyatazama ni haya: Muislamu aonapo usiku mlango wa jirani wavunjwa, au ajuapo kwa yakini kuwa pana watu wapangao kudhuru wenzao, je, yampasa kupeleka khabari kwa wenye amri, au anyamaze ili asiitwe mpelelezi na mfitini? Na akiitwa zamu ya ulinzi pamoja na watu wa mtaa wake, aitike, au alale?

Wengi katika sisi watu wa Pwani jawabu yetu ni neno moja: "Hayanihusu." Na asemaye hivi hujiona ana hoja ya dini, kwani amesikia minbarini kuwa kusengenya ni haramu, na namima ni haramu, na kupeleleza ni haramu. Hayo ni kweli tupu. Wallakini kosa lake ni kuwa hakuuliza maana ya maneno hayo.

Namima ni kulichukua neno la huyu kulipeleka kwa yule ili wagombane. Tajassus, lililokatazwa katika Surat al-Hujurat, ni kuinama kwenye tundu la mlango kutafuta aibu ambayo mwenyewe ameificha. Ghiba ni kumtaja nduguyo kwa alichukialo pasipo haja ya sharia. Basi mtu aliyeona kwa macho yake mwizi akipanda ukuta, akamwambia mwenye uwezo wa kumzuia, kwa nia ya kuondoa dhara, katika matatu haya amefanya lipi? Hakufanya hata moja. Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin amehesabu sababu sita zinazojuzisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na katika hizo ni mdhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumpa haki yake, na kutaka msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha watu na shari.

Kweli tumeamrishwa kusitiri. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Hazzal, aliyemhimiza Maiz aende akakiri zina yake, kuwa lau angalimsitiri ingalikuwa bora. Lakini tazama dhambi ile ilikuwa ya namna gani: ni dhambi baina ya mja na Mola wake, na toba yake yatosha. Wizi na unyang'anyi na kupiga watu si hivyo, kwani ndani yake mna haki ya mtu mwingine. Ukimsitiri mwizi, umemvua nguo aliyeibiwa. Nao ule mfano wa safina twaujua sote: walio chini wataka kutoboa mbao wapate maji karibu, na walio juu wakiwaacha, wote huzama. Walio juu hawakutoboa kitu. Walinyamaza tu, na maji hayakuwachagua.

Natuchukue sasa mfano ulio mbali na bahari, ili tusidhani kuwa jambo hili ni la Waislamu kwa Waislamu peke yao. Nkunga ni kata katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, nchi ya Wanyakyusa, ambayo mji wake ni Tukuyu. Ni nchi ya mvua nyingi na migomba na chai, na wenyeji walio wengi ni Wakristo. Tuseme mtu wa Tanga au wa Kilwa amekwenda huko kutafuta riziki, akapanga chumba, akafungua kiduka. Mwenyekiti wa kitongoji apita akisema kila nyumba itoe mtu mmoja kwa zamu. Je, mgeni huyu aweza kusema: mimi si wa hapa, na hawa si wa dini yangu?

Hawezi. Haki ya jirani haikufungwa kwa kalima. Abdallah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alilouliza kwanza ni kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa sehemu yake. Ikiwa jirani asiye Muislamu ana haki katika nyama yetu, vipi asiwe na haki katika usalama wake? Kisha huyu mgeni hulala kila usiku katika amani inayolindwa na wenziwe. Kuila amani yao naye asitoe usiku wake mmoja ni kula deni asilolipa.

Na Wanyakyusa wana khabari ndefu katika mambo ya ujirani. Zamani wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja. Bibi Monica Wilson, aliyekaa nchini kwao katika miaka ya 1930 na akatoa kitabu chake "Good Company" mwaka 1951, ameandika kuwa waliuheshimu mno urafiki wa jirani kwa jirani. Tena waliitakidi kuwa katika kila kijiji wapo walinzi wauonao uchawi usiku katika ndoto, na kuwa manung'uniko ya jirani humletea maradhi mkosaji. Aliyetuhumiwa aliweza kunyweshwa mwavi. Katika haya lipo jema kubwa, nalo ni kuwa mtu hakuachwa peke yake. Lakini ipo na khatari, kwani usingizi hauna ushahidi. Mtu aliyeshitakiwa kwa ndoto hana njia ya kujitetea.

Wala khatari hiyo si ya Wanyakyusa wala si ya zamani peke yake. Sungusungu walipoanza katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa raia waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, na wizi huo ulipungua. Lakini baadhi yao waligeukia kuwasaka wachawi, wakawatesa watu, wengine vikongwe, bila ya bayana. Na hatta leo mjini mtu hupigiwa ukelele wa "mwizi!" akauawa kwa mawe na moto kabla hajaulizwa jina lake. Surat al-Hujurat iliyokataza kupeleleza ndiyo iliyoamrisha kuhakikisha khabari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukajuta.

Vitabu vyasimulia kuwa Sayyidna Umar aliparamia ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia kuwa yeye ameasi mara moja, lakini Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutoa salamu. Umar akaikubali hoja yake. Ikiwa Khalifa alifungwa na mipaka, mlinzi wa zamu mwenye tochi na rungu ni nani hata aivuke?

Na sheria ya nchi haiko mbali na haya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1985, yamlazimu ajuaye kuwa jinai imetendeka au yakusudiwa ampe khabari polisi au mwenye mamlaka wa mahali pale. Na raia aliyemkamata mtu sharti amkabidhi kwa polisi bila ya kukawia. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Hapa ndugu msomaji atasema: "Na ikiwa niliyempa khabari atalitoa jina langu? Au atamchukua kijana asiye na kosa, asirudi?" Swali hili si la uoga. Watu wa Kibiti na Rufiji na Mkuranga walionja pande zote mbili mwaka 2017: viongozi wa vijiji na askari waliuawa na watu wasiojulikana, na jamaa wengine wakalalamika kuwa watu wao walichukuliwa wasionekane tena. Jawabu yetu ni kuwa wanavyuoni waliosema juu ya hisba wameshurutisha kuwa kuondoa munkari kusilete munkari ulio mkubwa zaidi. Basi khofu ya kweli hubadilisha njia, haiondoi wajibu. Asiyeweza kwenda peke yake na aende na watu wazima wawili watatu, au apitie kwa imamu au mwenyekiti anayemwamini. Na aliyetoa khabari asidhani kazi yake imekwisha: kijana akichukuliwa, na awe wa kwanza kuuliza yuko wapi na lini atafikishwa mahakamani. Mtume ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu aliyedhulumiwa na aliyedhulumu pia, na msaada wa mwenye kudhulumu ni kumzuia. Kumzuia si kumwangamiza.

Basi ewe ndugu, ikifika zamu yako, toka. Sema uliloliona, wala usiongeze ulilolidhani. Usiipeleke chuki yako ya shamba au ya mke kwa jina la ulinzi, kwani huo ndio ufitini wenyewe. Mkono wako usimpige aliyekwisha kamatwa. Na unaporudi alfajiri, mpitie jirani umwambie kuna usalama, awe wa kibla chako au asiwe.

Wabillahi tawfiq.