Ukweli na Wingi wa Watu: Tamthilia ya Ibsen Chini ya Milima ya Uluguru

Iwapo ukweli wa jambo unategemea wingi wa wanaoukubali ni swali la kale katika falsafa ya maarifa, yaani tawi la falsafa linalochunguza kwa haki gani binadamu husema kwamba anajua, na mwanafunzi wa Morogoro anayeingia kidato cha tano katika tahasusi yenye Kiingereza, yaani mchepuo wa masomo matatu atakayoyasoma hadi kidato cha sita, hukutana nalo mapema kuliko anavyotarajia. Katika ngazi ya chini alizoea kutaja dhamira na wahusika, mara nyingi akitegemea madesa, yaani muhtasari wa vitabu unaopita mikononi mwa wanafunzi. Sasa anatakiwa kushika dai na kulitetea kwa ushahidi wa matini, maana yake maneno na matendo yaliyomo kitabuni, hata pale dai hilo linapopingana na la mwalimu wake.

Mojawapo ya vitabu ambavyo kwa miaka mingi vimesomwa katika ngazi hiyo nchini Tanzania, sambamba na A Man of the People cha Chinua Achebe, ni An Enemy of the People, tamthilia ambayo Mnorwei Henrik Ibsen aliitoa mwaka 1882. Daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya mabafu yanayouletea mji wake wageni na fedha yamechafuliwa na viwanda vya ngozi. Ndugu yake, ambaye ndiye meya, anamtaka anyamaze, wenye gazeti wanamgeuka mara wanapoelewa kwamba gharama zitawaangukia walipa kodi, na mkutano wa wananchi unamtangaza kuwa adui wa umma. Kwa msomaji anayeishi chini ya Uluguru, milima inayoulisha mto Ruvu ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, na mto Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu linaloihudumia Morogoro yenyewe, hofu ya maji yaliyoharibika huko juu si jambo la Norwei peke yake.

Hata hivyo, kumpa Stockmann ushindi upesi ni kusoma nusu ya kitabu. Kutoka kwenye ukweli mmoja, kwamba maji ni machafu, daktari anaruka hadi dai kubwa mno, kwamba walio wengi hawana haki kamwe, na katika hotuba yake anawalinganisha watu wa kawaida na mifugo ya mbegu duni. Mwanafunzi makini hana budi kutenganisha madai hayo mawili, kwa sababu usahihi wa la kwanza haulithibitishi la pili hata kidogo.

Hapa historia ya Uluguru inatoa kipimo ambacho Ibsen hakukijua. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni, wakihofia mmomonyoko wa udongo, waliwalazimisha Waluguru kukata matuta mapana mfano wa ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na penye udongo mwembamba ukataji huo ulifukia tabaka lenye rutuba na kuacha juu udongo usiozaa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa, kisha mpango ukaachwa. Wasomi walikuwa wachache, wakulima walikuwa wengi, na wengi ndio waliojua shamba lao. Methali ya wengi wape, usipowapa watachukua kwa mabavu, haitoshi kueleza tukio hilo, kwa kuwa inazungumzia nguvu ya wengi na si usahihi wao. Waluguru walikuwa na nguvu ya idadi, lakini kilichowapa haki ya kusadikiwa ni jembe lililogusa udongo huo kila msimu, kama vile kilichompa Stockmann haki hiyo ni uchunguzi wa maji, wala si upweke wake.

Insha nzuri ya kidato cha sita ingeanzia kwenye tofauti hiyo, na ingepaswa pia kukabili ukweli unaosumbua pande zote mbili: kwamba huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, wakulima wa mboga wanalima hadi leo juu ya matuta.