Karo ya Chuo Kikuu: Kipi Hiba, Kipi Deni, na Ipi Riba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Shukrani zote ni Zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, hujaa furaha katika nyumba nyingi za Waislamu, na Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini furaha hiyo haikai. Ifikapo barua ya chuo kikuu na hesabu ya karo ndani yake, baba huinama na mama hunyamaza. Ndipo tunapojiwa sisi katika darsa na swali moja: Je, mkopo wa Serikali ni halali au ni haramu?

Swali hili ni jema, na amuulizae mwenye elimu juu ya dini yake hufanya la wajibu. Lakini twaona kuwa lafika kabla ya wakati wake. Hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe, na wengi wa watuulizao hawajaisoma ile karatasi waliyoitia sahihi. Kwa hiyo, kabla ya kusema neno la sharia, twataka kwanza kueleza fedha hizi ni za namna gani.

Fedha zimfikiazo mwanafunzi wa chuo kikuu katika Kenya ni za namna tatu, wala hazifanani. Ya kwanza ni ufadhili, ambao Serikali hutoa bila ya kutaka kurudishiwa. Pamoja nao ni basari, kama zile zitokazo katika kaunti na katika hazina ya maeneo ya bunge ijulikanayo kama CDF, ambayo ilianza mwaka 2003. Hizi ni hiba. Ya pili ni mkopo, utolewao na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Huu ni deni. Ya tatu ni fungu la mzazi mwenyewe.

Katika mpango mpya wa kugharamia vyuo uliotangazwa mwaka 2023, mafungu haya matatu yaliwekwa pamoja kwa hesabu moja. Katika madaraja matano yaliyotumika mwaka 2024, mtoto wa nyumba iliyo masikini zaidi aliwekewa ufadhili wa sehemu 70 katika 100 za karo, mkopo wa sehemu 25, na mzazi sehemu 5. Mtoto wa daraja la juu aliwekewa ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na mzazi 40. Mpango huo ulipelekwa mahakamani, Mahakama Kuu ikaubatilisha mwezi wa Desemba 2024, na Serikali ikakata rufaa. Hesabu zaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Lisilobadilika ni kwamba hiba na deni huja katika mlango mmoja, na asiyetazama vyema hudhani yote ni msaada. Tumewaona wazazi wasemao, "Mtoto wetu amelipiwa na Serikali," na nusu ya malipo hayo ni deni juu ya shingo ya mtoto.

Sasa tulitazame deni lenyewe. Bodi hutoza katika mkopo wa kawaida wa mwanafunzi ziada ya 4 katika 100 kila mwaka. Mwanafunzi hutakiwa kuanza kulipa katika mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na akichelewa, sheria yamtoza faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Natupige hesabu. Kijana akikopa shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka minne, rasilimali ya deni lake ni 160,000. Ziada ya 4 katika 100 juu ya rasilimali hiyo ni shilingi 6,400 kwa mwaka. Na faini ya kuchelewa, miezi kumi na miwili, ni shilingi 60,000! Basi limwangamizalo kijana si ile ziada peke yake, bali ni kutojua siku ya kuanza kulipa. Bodi imepata kutangaza misamaha ya faini kwa wenye kulipa kwa mkupuo, lakini mwenye akili hajengi nyumba yake juu ya matumaini ya kusamehewa.

Ama hukumu, hatuna budi kusema wazi. Wanavyuoni wa madhehebu zote nne wameafikiana kuwa kila mkopo uliowekewa sharti la ziada kwa mkopeshaji, ziada hiyo ni riba, ikiwa ni kubwa au ndogo. Wako wasemao kuwa hiyo 4 ni ujira tu wa kazi ya makarani. Jambo hili lilikwisha kuulizwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika mkutano wake wa mwaka 1986 uliofanywa Amman, liliruhusu mkopeshaji achukue gharama za kazi yake, kwa sharti ziwe ni gharama zilizotumika kwa hakika, wala zisizidi. Lakini ziada inayopimwa kwa wingi wa fedha na urefu wa muda haifanani na ujira wa karani, kwani karani huandika jina la aliyekopa shilingi elfu kwa wino ule ule wa aliyekopa laki. Nayo faini ya kuongezewa mdeni kila acheleweshapo yakaribia mno ile desturi ya zama za ujahilia, mdeni alipoambiwa alipe au aongeze. Hatuwezi kuihalalisha riba kwa kuivika jina jingine.

Lakini hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo tutakapo ndugu zetu watusikilize. Watu wakilisikia neno hili hugawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosa njia.

Kundi la kwanza husema, "Ni riba, basi mtoto akae nyumbani." Husema hivyo, kisha hawafanyi lolote jingine. Hawaendi kuuliza ufadhili, hawaandiki barua ya basari, hawauzi hata mbuzi. Na mara nyingi mtoto huyo ni binti. Tena miongoni mwao wamo wenye mkopo wa benki kwa ajili ya gari au duka, wakatulia nao bila ya kumuuliza sheikh yeyote! Ewe mzazi, ikiwa umekumbuka riba siku ya karo tu, basi hukuikimbia riba; umekimbia gharama. Wala sharia haikukuamrisha kuuziba mlango wa haramu na kuuacha ule wa halali umefungwa pia.

Kundi la pili husema, "Ni fedha ya Serikali, na Serikali ni yetu sote." Hao hukopa, husoma, hupata kazi, kisha hujificha. Wengine hudai kuwa kwa sababu mkopo una riba, hawana wajibu wa kuurudisha. Hii ni hila mbaya. Ubaya wa ziada hauifuti haki ya rasilimali. Fedha hiyo ni ya watu wote, na atakayenyimwa kesho kwa sababu wewe hukulipa ni mtoto wa masikini mwenzio.

Deni katika dini yetu si jambo dogo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja juu ya Sala wala Saumu. Imekuja juu ya deni, kuamrisha liandikwe, liwekewe muda na mashahidi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, ililetwa jeneza ya mtu aliyekufa na deni la dinari tatu na hakuacha cha kulipia, Mtume (S.A.W.) asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kadhalika imepokewa habari ya Zubeir bin Al-Awwam, aliyekufa akiwa na deni la milioni mbili na laki mbili. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi, akalipa, na warithi walipotaka mafungu yao aliwazuia mpaka alipokwisha kunadi katika misimu minne ya Hija, kwamba yeyote amdaiye Zubeir na aje alipwe. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiliogopa deni la wafu wao. Na sisi leo twamkimbia mwenye kutudai nasi tu hai!

Basi mzazi na mwanawe wafanye nini? Wafuate mpango huu. Kwanza, kila fedha iliyo hiba iombwe mapema na kwa bidii: ufadhili, basari ya kaunti, basari ya CDF. Fomu zijazwe kwa ukweli, kwani ajiandikae masikini naye si masikini amekula haki ya yatima. Pili, kila fomu isomwe na mzazi pamoja na mtoto kabla ya sahihi. Waulize ipi ni hiba na ipi ni deni, na kama yawezekana kupokea moja bila ya nyingine; wasiyatie sahihi mawili kwa kudhani ni kitu kimoja. Tatu, viongozi wetu wamedai mara nyingi uwekwe mkopo usiokuwa na riba. Basi muombaji aiandikie Bodi na aulize lipi lililo tayari kwa wakati wake, na jibu alitake kwa maandishi. Nne, jamaa wakutane wachangiane. Na aliyefungiwa milango yote hii, asijitolee fatwa mwenyewe, wala asiichukue barazani. Naende kwa mwenye elimu na karatasi zake zote mkononi, kwani dharura hupimwa kwa hali ya mtu mmoja mmoja. Ama aliyekwisha kukopa, natubu kwa Mola wake, naanze kulipa mapema, na akiwa hana kazi naitaarifu Bodi asinyamaze.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Waislamu wa Uingereza waliahidiwa na Serikali yao mwaka 2013 kuwa utatengenezwa mpango wa karo usio na riba. Sheria ya kuuruhusu ilipitishwa mwaka 2017, na hata kufikia mwaka 2025 mpango wenyewe ulikuwa haujaanza. Watoto waliokuwa wadogo siku ya ahadi wamekwisha kuwa watu wazima. Anayengoja atengenezewe na mwingine atangoja sana.

Hapa kwetu Mombasa wazee hawakungoja. Chuo kilichoitwa Mombasa Institute of Muslim Education, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, kilisimama kwa michango iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan na kwa jamaa wa Kibohora, pamoja na fedha za Serikali ya siku hizo. Chuo hicho ndicho kilichokuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Ikiwa watu wa zamani waliweza kujenga chuo, je, sisi tumeshindwa hata na karo ya kukiingia?

Shauri letu ni hili. Kila msikiti na uwe na hazina ya karadha njema. Watu mia wakitoa shilingi mia mbili kila mwezi, hupatikana 20,000 kwa mwezi, na 240,000 kwa mwaka. Hizo zatosha kuwakopesha wanafunzi sita shilingi 40,000 kila mmoja, bila ya ziada hata ya senti. Fedha ilipwe chuoni moja kwa moja. Mkataba uandikwe na kushuhudiwa. Mwenye kuajiriwa arudishe kidogo kidogo katika mshahara wake, na mwenye dhiki apewe muhula, kama tulivyoamrishwa. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwaka. Na Zaka nayo ina fungu la mafakiri na fungu la waliolemewa na madeni. Mbona fungu hili la pili twalisoma vitabuni tu?

Msituambie kuwa fedha hazipo. Zipo katika harusi za siku nyingi, zipo katika vyakula vya matanga vinavyolishwa walioshiba, zipo katika sare zivaliwazo mara moja zikatupwa. Mtoto akikosa chuo kwa upungufu wa karo, na mtaa ule ule ukafanya harusi ya kushindana wiki hiyo hiyo, tutakuwa na jawabu gani siku tutakapoulizwa juu ya mali tuliitumia katika nini?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awasahilishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awalipie wenye madeni madeni yao, atukinge na riba na vumbi lake, na azilainishe nyoyo za wenye mali. Wabillahi taufiki.