Hospitali Ilikuwa Ng'ambo ya Barabara

Saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 13 Septemba 2017, simu ya dharura ilipigwa kutoka nyumba moja ya kulelea wazee mjini Hollywood, jimbo la Florida, Marekani. Si Hollywood ya sinema. Hii iko pwani ya mashariki, kaskazini kidogo ya Miami. Moyo wa mzee mmoja ulikuwa umesimama. Gari la wagonjwa likaja likamchukua. Haikupita muda, simu nyingine. Kisha nyingine. Wauguzi wa Hospitali ya Memorial Regional, waliokuwa wakiwapokea wagonjwa hao, wakashtuka kuona wote wanatoka nyumba moja, nayo ni jirani yao. Baadhi yao wakatoka kwa miguu, wakavuka barabara, wakaingia kujionea.

Walikuta watu wanapikika. Sina neno jingine. Baadhi ya wazee, walipopimwa, joto lao la mwili lilikuwa limepita nyuzi 41 za Selsiasi. Hapo hospitali ikamwaga watumishi wake barabarani na wazee zaidi ya 140 wakatolewa, wengine kwenye machela, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine na vitanda vyao. Wanane walikufa siku ileile. Katika siku na wiki zilizofuata wengine wakafuata, na mwisho mamlaka ya uchunguzi wa vifo ilihesabu 12 ambao vifo vyao haikuviita vya kawaida wala vya uzee.

Ukimsikia mtu akikisimulia kisa hiki atakwambia ni habari ya kimbunga Irma. Mimi nasema kimbunga kilikuwa kimekwishapita. Kiliipiga Florida Jumapili ya tarehe 10, na nyumba ile, iliyoitwa Rehabilitation Center at Hollywood Hills, ilisimama imara. Paa halikung'oka, maji hayakuingia. Hata umeme ulikuwapo: taa ziliwaka na majokofu yalifanya kazi. Kilichoharibika ni kitu kidogo. Alasiri ya Jumapili ile fyuzi ya transfoma moja iliachia, na transfoma hiyo ndiyo iliyolisha mtambo wa kupoza hewa ya jengo zima. Jenereta walikuwa nayo, lakini haikuunganishwa na mtambo huo, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha kuiunganisha.

Basi wakapiga simu kampuni ya umeme, wakaahidiwa fundi. Fundi hakuja. Wakapiga tena. Wakapiga hata namba ya mkononi aliyoitoa gavana wa wakati ule, Rick Scott, kwa wasimamizi wa nyumba za wazee kabla ya kimbunga. Ujumbe wao wa sauti, kwa maelezo ya ofisi yake, ulipelekwa kwa idara inayohusika, kisha ukafutwa kwenye simu. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Walikuwa wakimfikiria mtu mzima mwenye njaa, anayeweza kunyanyuka akatafute chakula kwingine. Mzee wa miaka 90 aliyelala chali, aliyefunikwa shuka na mtu mwingine, hana pa kunyanyukia.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu joto ni adui asiyebisha hodi. Moto ukiwaka, kila mtu anakimbia. Maji yakiingia ndani, hata mtoto anapiga kelele. Joto la ndani ya nyumba hupanda taratibu, nusu nyuzi kwa nusu nyuzi, na mhudumu anayepanda ngazi akitoka jasho hujiambia leo kuna joto kweli, halafu anaendelea na kazi. Yeye anatoka jasho. Mzee hatoki, au hutoka kidogo sana. Ngozi ya uzeeni hupunguza jasho, na kiu nayo hufifia, kwa hiyo mwili unakauka bila mwenyewe kuomba maji. Ongeza vidonge: dawa za presha zinazotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, dawa za kutuliza akili ambazo huzuia jasho, dawa za moyo zinazouzuia moyo usiongeze mwendo wakati unapotakiwa kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi ikapoe. Ongeza na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Huyo hata ukimuuliza kama anasikia joto anaweza kukujibu habari za shamba la baba yake.

Feni ziliwekwa. Mashine ndogo za kupoza hewa zikaletwa. Sasa, mashine ya namna hiyo haifuti joto; inalihamisha tu. Inatoa ubaridi mbele na kupumua moto nyuma, na moto huo lazima upewe njia ya kutoka nje. Kwa mujibu wa uchunguzi, mashine zile zilielekezwa zipumulie kwenye uwazi wa dari, na joto likapanda juu. Ghorofa ya pili ndiko wengi wa waliokufa walikokuwa. Mtu wa chini, aliyesimama mbele ya mashine inayovuma, angeweza kuapa kwamba jambo lile linashughulikiwa. Na feni, tuliosoma chini ya paa la bati mwezi wa Februari tunaijua: hewa ikishakuwa na joto kuliko mwili, inachofanya ni kukupulizia joto hilohilo.

Halafu kuna mafaili. Idara ya afya ya jimbo, ilipokuwa ikiifungia nyumba ile, ilidai kwamba kumbukumbu za wagonjwa zilijazwa baada ya tukio, na kwamba mgonjwa mmoja aliandikwa kuwa amelala kitandani akipumua vizuri bila tabu, wakati ambapo tayari alikuwa maiti. Kila aliyewahi kufanya kazi ya zamu anajua jinsi hili linavyokuja. Mkono umeshazoea kuandika maneno yaleyale kila saa mbili: amelala, anapumua vizuri, hana malalamiko. Siku moja mkono unaandika na jicho halikwenda.

Kesi ilifika mahakamani. Mwaka 2019 msimamizi wa nyumba na wauguzi walikamatwa kwa tuhuma za kuua bila kukusudia. Mashtaka dhidi ya wauguzi watatu yaliondolewa mwaka 2022. Februari 2023 jaji alimwachia huru msimamizi kabla hata upande wake haujaanza kujitetea, akiona ushahidi wa mashtaka hautoshi. Familia ziliumia, na nani angezilaumu? Lakini naona pia ugumu wa kumtafuta mwuaji katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa amempigia simu mtu mwingine. Muuguzi wa zamu alijua msimamizi anashughulikia. Msimamizi alijua kampuni ya umeme imepewa taarifa. Kampuni ilikuwa na orodha yake ya nani aanze kuhudumiwa, na nyumba za wazee hazikuwa juu yake kama hospitali zilivyokuwa. Wakati huohuo ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali kubwa yenye umeme, vyumba baridi na barafu. Asubuhi ya Jumatano ilithibitika kwamba wazee wote wale wangeweza kuvushwa. Karibu siku tatu zilipita bila mtu kusema: tuwavushe.

Kwa nini hakusema? Nadhani kwa sababu kuwahamisha wazee ni jambo zito, na kwa kweli lina hatari zake: wadhaifu hufa njiani, dawa hupotea, majina huchanganyika. Msimamizi anayehamisha wagonjwa kisha umeme ukarudi baada ya saa moja ataonekana mwoga na mpotezaji wa fedha. Anayengoja haonekani chochote, mpaka saa tisa ya usiku. Ndiyo maana uamuzi huu hauachwi utegemee ujasiri wa mtu aliyechoka. Huandikwa mapema: chumba kikifika nyuzi kadhaa, wazee wanatoka, iwe fundi yuko njiani au hayuko. Florida ilijifunza hivyo kwa gharama. Mwaka 2018 sheria ilizitaka nyumba zote za uuguzi wa wazee ziwe na umeme wa akiba unaoweza kulinda joto la ndani lisipite nyuzi 27 hivi kwa saa 96. Ufaransa ilikuwa imepita njia hiyo baada ya Agosti 2003, mwezi ambao joto liliua watu wapatao 15,000, wengi wao wazee. Tangu hapo nyumba za wazee zikatakiwa ziwe angalau na chumba kimoja kilichopozwa ambamo wakazi wanaweza kupelekwa.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wake wamo ndani ya nyumba hizo. Dada zetu kutoka Nairobi, Arusha na Bukavu wanapokea zamu za usiku Marekani, Kanada na Uingereza. Wanawageuza wazee vitandani na kuwalisha uji. Mgeni kazini huona jambo akanyamaza, akichelea lafudhi yake, karatasi zake na bosi wake. Dada, joto la chumba huhitaji kipimajoto cha ukutani na sauti yako, na sauti hiyo kama haikusikika ndani ya jengo, namba ya dharura haiombi ruhusa ya bosi.

Na sisi tuliobaki pwani ya Afrika Mashariki tusijione tumeepuka eti kwa kuwa wazee wetu tunao majumbani. Bibi aliyewekwa chumba cha nyuma, dirisha moja, bati juu, pazia limeshushwa kwa ajili ya heshima yake, mlango umerudishwa ili apumzike, watoto wamekatazwa kumsumbua: mchana wa Februari chumba hicho ni kama ile ghorofa ya pili. Siku utakayokwenda kumtazama mzazi, kwenye makazi ya wazee au kwa ndugu yako, usiende asubuhi kukiwa na ubaridi na sakafu imetoka kupigwa deki. Nenda saa tisa ya alasiri. Usiishie sebuleni. Pita hadi chumba cha mwisho, kitanda kilicho mbali kabisa na mlango, mpe maji bila kumuuliza kama ana kiu, na umshike mkono uone kama kuna jasho.