Maiti Ana Haki Nne. Na Majeruhi Je?

Huduma ya kwanza ni msaada anaopewa mtu aliyeumia au aliyeugua ghafla, kwa vitu vilivyopo karibu, kabla hajafikishwa kwa mtaalamu. Na kwa kuwa anayeutoa mara nyingi si daktari wala muuguzi bali ni mpita njia, jirani, mwalimu wa madrasa au kijana wa bodaboda, swali linalotangulia mengine yote si la kitabibu bali ni la dini na la maadili: ni nani anayewajibika kwa damu ya mtu asiye wake, na wajibu huo unamwangukia nani pale waliopo ni wengi? Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, swali hili si la vitabuni tu, kwa sababu barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe na Mombo ikiwa imebeba usiku na mchana watu ambao wenyeji hawawajui kwa sura wala kwa ukoo, na kwa sababu mbali na barabara hiyo kuna vijiji ambako mkulima aliyeumwa na kifutu shambani, au mama anayevuja damu baada ya kujifungua, huweza kuishiwa na muda kabla hajaiona hospitali.

Waislamu, ambao ni wengi Handeni na si wachache Korogwe, wanayo istilahi inayofaa kuanzia. Wanazuoni wa sheria huugawa wajibu katika sehemu mbili: faradhi ain, yaani lile linalomlazimu kila mtu peke yake, kama swala tano, na faradhi kifaya, yaani lile linaloilazimu jamii kwa ujumla, ambalo likitekelezwa na baadhi wengine husalimika, na lisipotekelezwa na yeyote, wote waliojua na kuweza hubeba dhambi yake. Mfano anaoufahamu kila mtoto wa madrasa ni maiti, ambaye ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Ni vigumu kupata katika wilaya hizi mbili wajibu mwingine unaotekelezwa kwa ukamilifu kama huu. Msikiti, hata ukiwa wa udongo, huwa na jeneza lake. Waoshaji wanajulikana kwa majina, wa kiume na wa kike. Sanda hupatikana hata usiku wa manane. Majembe hutoka nyumba hadi nyumba bila kuombwa mara mbili, na rambirambi huandikwa daftarini. Wakristo wa Korogwe, wawe Waanglikana walioachwa na misheni ya UMCA, Wakatoliki au Walutheri, wana taratibu zao zisizopungua hizo, na hata mgeni aliyefia njiani hakosi watu wa kumtia kaburini.

Majeruhi hana bahati hiyo. Huzingirwa na watu hamsini ambao kila mmoja anaamini kwamba katika hao hamsini yupo anayejua la kufanya, na imani hiyo ndiyo inayomwacha aendelee kuvuja damu. Wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané walilithibitisha jambo hili kwa majaribio yao ya mwaka 1968, walipoonyesha kwamba mtu mwenye kuhitaji msaada hucheleweshwa zaidi kadiri mashahidi wanavyodhani kuwa wako wengi. Lakini wanazuoni wa faradhi kifaya walikuwa wamekwisha kuiona hatari hiyo zamani, na ndiyo sababu walisema kwamba pale ambapo mwenye uwezo ni mmoja tu, wajibu wa wote hugeuka kuwa faradhi ain juu yake. Kwa hiyo jamii iliyojipanga vizuri sana kwa ajili ya aliyekwisha kufa haijajipanga kwa ajili ya anayekaribia kufa, ingawa mzizi wa wajibu wote wawili ni mmoja.

Usiku wa Februari 3, 2023, katika kijiji cha Magila Gombero wilayani Korogwe, basi dogo aina ya Coaster lililokuwa likitoka Dar es Salaam kwenda Rombo na mwili wa marehemu pamoja na waombolezaji liligongana na lori, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha, wengi wao wa familia moja. Waliokufa usiku ule walikuwa safarini kutimiza wajibu ambao Waswahili huutukuza kuliko karibu wajibu wowote, ule wa kumsindikiza maiti hadi kwao. Na waliokuwa hai katika mabaki ya gari wakawa mikononi mwa watu wa kijiji ambacho huenda hawakuwahi kulisikia jina lake. Mfano huu haumlaumu mtu. Unaonyesha tu jinsi haki ya maiti na haki ya majeruhi zinavyoweza kukutana mahali pamoja katika dakika moja.

Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha elimu kinachofungua mkusanyo wake uitwao Ihya, aliitaja tiba kuwa miongoni mwa faradhi kifaya, kisha akalalamika kwamba miji mingi ilijaa wanafunzi wa fiqhi waliokimbilia ukadhi na usimamizi wa mali za yatima, huku miji hiyo ikiwa haina tabibu Mwislamu. Lalamiko hilo linazihusu hata zama hizi. Na katika Sura ya al-Maida kuna mpangilio ambao wasomaji wengi huupita haraka: aya ya 31 inaeleza jinsi kunguru alivyotumwa kumfundisha mwana wa Adamu namna ya kuufukia mwili wa ndugu yake, na aya inayofuata papo hapo, ya 32, ndiyo inayolinganisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Somo la kuzika limekuja kwanza, na mwalimu wake ni ndege. Somo la kuokoa limekuja la pili, na ndilo lililopewa uzito wa wanadamu wote. Vijiji vimelishika sana la kwanza.

Kwa upande wa Wakristo, katika Injili ya Luka, sura ya 10, simulizi la Msamaria husomwa kwa kawaida kama fundisho la huruma, lakini likisomwa kwa jicho la mhudumu wa afya ni maelezo ya kazi iliyofanywa kwa mpangilio: mtu anakaribia, anasafisha majeraha kwa mvinyo na mafuta, anayafunga, anampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, anamfikisha mahali pa kulala, anamuuguza, anamkabidhi kwa mwingine pamoja na dinari mbili, na anaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huruma imechukua neno moja tu. Kilichobaki ni ujuzi, usafiri na fedha. Kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili, kwa tafsiri ya wafafanuzi wengi, waliogopa najisi ya maiti wakidhani mtu yule amekwisha kufa, na hofu hiyo ina ndugu yake leo.

Ndugu yake ni hofu ya polisi. Fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo kwa kila mtu kama PF3, ni hati ya kuandikia majeraha ya mtu aliyeumia kwa ajali au kwa kushambuliwa, ili yafae kuwa ushahidi. Lakini katika fikra za watu imekuwa lango la hospitali, kiasi kwamba wengi huamini majeruhi hawezi kuguswa bila hiyo, na kwamba aliyemleta ndiye atakayeulizwa kwanza. Viongozi wa Serikali wamesema mara kadhaa kwamba mwenye hali ya hatari atibiwe kwanza na karatasi ifuate baadaye. Sheria yenyewe kuhusu mpita njia iko kimya: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, asaidie na atoe taarifa, ila mtu baki hatajwi, kwa kuwa mapokeo ya Kiingereza yaliyorithiwa Tanzania hayamwadhibu asiyemwokoa mgeni, tofauti na Ufaransa, ambako kumwacha mtu hatarini bila msaada ni kosa la jinai. Hata hivyo, ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 1977 ina neno la kutafakariwa, kwani inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Haikusema kutoka kwa dola peke yake. Imesema jamii, na jamii ni pamoja na kijiwe cha bodaboda cha Segera.

Hoja iliyo nzito kuliko hofu ya polisi ni ile ya kudra, yaani kadari ya Mungu, kwa maana inasemwa kwa unyenyekevu na hivyo ni vigumu kuijibu bila kuonekana mkaidi wa imani: kama ajali ya mtu, yaani muda wake wa kufa, imekwisha kuandikwa, mkono wa mpita njia utaongeza nini? Jibu la kale lilitolewa mwaka 638 au 639, Khalifa Umar alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Kamanda wake Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alikiri kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Nguvu ya jibu hilo ni kwamba haliipunguzi kadari hata kidogo. Linamwondoa mwanadamu katika kiti cha kuisoma. Anayesema juu ya mtu anayepumua kwamba siku yake imefika anadai kuwa amekiona kilichoandikwa, na dai hilo, likipimwa kwa mizani ya dini yenyewe, ni kubwa kuliko ujasiri wa yule anayeukandamiza mshipa unaovuja. Neno la kudra lina mahali pake halali, nalo ni la kumfariji aliyefiwa baada ya juhudi kushindwa. Likitamkwa kabla ya juhudi huwa kisingizio, na linastahili kuitwa kwa jina hilo.

Lakini juhudi bila elimu nayo ina hesabu yake. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi huo ana dhamana, yaani hubeba gharama ya madhara atakayoyasababisha. Na hapa wengine hupata sababu ya kukaa kando. Hadithi hiyo inamzuia mtu kufanya asilolijua, haimruhusu kubaki hajui. Degedege ni mfano wa wazi: mtetemeko wa mwili wa mtoto mwenye homa kali, ambao mara nyingi chanzo chake ni malaria, umehusishwa tangu zamani katika vijiji vya Tanga na pwani na shetani au ndege anayepita juu ya mtoto, na ukaambatana na woga kwamba sindano itamuua mtoto huyo. Anayeingiza kijiko katikati ya meno yake ana nia njema na anaweza kumziba pumzi. Anayemlaza ubavu, akaondoa vitu vya kumuumiza, asimtie chochote mdomoni na kumwahisha kwenye zahanati, amefanya yote ambayo asiye mganga anadaiwa. Ni ajabu kidogo kwamba Korogwe, iliyochangia pamoja na Bagamoyo katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, bado ina nyumba ambamo kijiko hicho hutafutwa haraka.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyoka. Kuchanja, kunyonya sumu kwa mdomo na kukaza kamba hadi mguu kufa ganzi huongeza madhara; kumtuliza aliyeumwa, kukifanya kiungo kisitikisike na kumbeba badala ya kumtembeza ndiko kunakofaa. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala unga. Na damu inayoruka huzuiwa kwa kukandamiza moja kwa moja juu ya jeraha, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Kama jeraha liko pajani mwa mwanamke na aliye karibu ni mwanamume, kanuni ya fiqhi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, kwa kiasi cha dharura yenyewe, imekwisha kulimaliza suala hilo, kama ilivyokubaliwa kwamba mwenye kuswali huikata swala yake ili amwokoe anayezama.

Kuhusu ugeni wa majeruhi, mila za eneo hili hazihitaji kufundishwa na mtu. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalijaa vibarua kutoka pande zote za nchi, na utani wa makabila, yaani ule undugu wa mzaha wenye haki na wajibu ndani yake, uliwapa watu hao jamaa mahali wasipokuwa na jamaa; mtani ndiye aliyechimba kaburi la mtani. Handeni nayo, pale Chogo, iliwapokea Wazigua waliokimbia vita vya Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19, na wakapewa uraia. Nchi iliyoweza kumtambua ndugu baada ya karne nzima haitashindwa kumtambua abiria wa basi la Arusha.

Kwa hiyo kilichopungua si utu bali ni mpangilio, na mpangilio unaweza kuazimwa kutoka kwenye msiba. Mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115 humpatia mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa, umeonyesha kwamba wasamaria wanaweza kuandikwa kabla dharura haijatokea. Kamati za misikiti na mabaraza ya parokia za Handeni na Korogwe zinaombwa zifanye vivyo hivyo: pembeni ya majina ya waoshaji wa maiti yaandikwe majina ya watu wanne au watano, wa kiume na wa kike, waliofundishwa na mganga wa zahanati ya karibu kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu aliyezimia na kumbeba aliyevunjika. Machela ni miti miwili na kanga mbili zilizofungwa imara, na somo lenyewe la kukandamiza jeraha halizidi urefu wa hotuba ya Ijumaa.